Soma tangazo

Mama yangu ana magoti mabovu. Naanza na hilo makusudi, maana asiyelijua atadhani nimekasirishwa na kuchelewa tu. Kuchelewa nimekuzoea. Nimepanda treni tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa. Nimewahi kukwama njiani saa mbili, saa nne, mara moja usiku kucha, na bado nikakata tiketi nyingine bila kinyongo. Mimi ni mtu wa reli. Ndiyo maana hili limeniuma.

Safari yenyewe ilikuwa juzijuzi, mwisho wa mwezi, kwa treni ya jioni. Ilitakiwa iondoke mwanga ungalipo, ikaondoka giza limeshaingia, na hapakuwa na mtu wa kutuambia neno. Tulikaa behewani mlango wazi, tukimkodolea macho kila aliyepita na koti la kazi, labda yeye ndiye mwenye habari. Hatimaye ikang'oka. Nikamwambia mama, "Basi, tumeshatoka, tutafika." Neno hilo najuta kulisema.

Katikati ya safari treni ikaanza kujikokota, ule mwendo ambao ukichungulia dirishani unaweza kuhesabu mataruma, vile vipande vinavyolaliwa na reli, moja moja. Ikasimama. Ikasogea kidogo. Ikasimama tena, na mara hii injini ikanyamaza kabisa, feni zikazimika, zikabaki taa hafifu za dharura. Mkaguzi wa tiketi akapita mbiombio akisema, "Dakika kumi." Nikamuuliza kuna nini. Akajibu "dakika kumi" bila kupunguza mwendo, akapotelea behewa la mbele, na hatukumwona tena.

Dakika hizo kumi zilipita saa moja na nusu. Mtoto wa jirani yetu alilia mpaka usingizi ukamchukua. Mzee aliyeketi mbele yetu alikuwa anapokewa na mwanawe. Akampigia simu kumwambia dakika kumi, baadaye akampigia tena, dakika kumi, mara ya tatu akaiangalia simu, akairudisha mfukoni. Nadhani aliona aibu kuonekana mwongo kwa uongo usio wake.

Kisha mlango ukafunguliwa kwa nje na sauti ikaita: "Wote shukeni! Treni inaishia hapa."

Behewa letu lilikuwa limesimama nje ya jukwaa. Kutoka kidato cha mwisho hadi chini ni kimo cha kuruka, na huko chini ni kokoto tupu. Mama akakaa sakafuni mlangoni, miguu ikining'inia. Kijana mmoja tusiyemjua akamshika kwapa la huku, mimi la kule, tukamteremsha. Hakulalamika. Alisema tu, "Polepole, wanangu." Na kokoto za reli si za kutembelea: ni mawe yaliyopasuliwa, yana kingo kali ili yakamatane chini ya mataruma yasiteleze. Yanafaa sana kubeba treni. Kwa mama wa miaka yake, usiku, kila hatua kifundo kinapinda. Tulikwenda hivyo urefu wa mabehewa matatu kwa tochi ya simu.

Sasa nafika kwa yule bwana.

Alikuwa amesimama chini ya taa pekee iliyokuwa inawaka jukwaani, koti la kung'aa mwilini, redio ya mawasiliano kiunoni, simu yake mwenyewe usoni. Mama akamsogelea. Mama yangu hawezi kuuliza jambo bila kusalimia kwanza, hata nyumba ikiungua. Akamsalimu. Hakuitikiwa. Akauliza, "Mwanangu, sasa tunatakiwa kwenda wapi?"

"Soma tangazo."

Hakuinua macho. Mama akadhani hakusikika vizuri, akarudia, akaeleza na kwamba miwani yake imo ndani ya begi. Yule bwana akaelekeza kwa kidevu: "Lipo pale, mama. Wenzako wote wanasoma."

Wenzake hawakuwa wanasoma. Wenzake walikuwa wamezagaa gizani na mizigo kichwani, wanaulizana wao kwa wao. Nilikwenda "pale". Pale palikuwa ofisi ya tiketi iliyofungwa, imezimwa taa, na karatasi moja imebandikwa kwa ndani ya kioo. Ukiimulika, kioo kinakurudishia mwanga wa tochi yako machoni. Ilinibidi niinamishe simu pembeni na kubandika paji la uso kwenye kioo ndipo nikapata kuisoma: kuna kazi za kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto, kipande cha njia kinafungwa usiku kwa siku kadhaa, abiria watachukuliwa na mabasi mpaka stesheni ya mbele wakapande treni nyingine. Chini kulikuwa na mhuri na tarehe.

Tarehe ile ilikuwa ya wiki karibu mbili nyuma. Tiketi zetu nilizinunua siku nne kabla ya safari, kwenye kidirisha cha kampuni hiyohiyo. Nilimuuliza muuzaji, kwa sababu ya magoti ya mama, kama treni inafika moja kwa moja. Akaniambia inafika.

Walijua. Karatasi yenye mhuri wao ilikuwa imeshabandikwa wakati ninahesabiwa chenji. Ningeambiwa tu kwamba katikati kuna kushuka na kupanda basi, ningeahirisha wiki moja. Mama hakuwa na haraka. Alikuwa anakwenda kumwona dada yake.

Nikiwa bado na hasira hizo nilisoma, baadaye, jinsi wengine walivyoliwekea jambo hili sheria. Umoja wa Ulaya una kanuni ya haki za abiria wa reli inayotumika tangu Juni 2023. Treni ikichelewa kufika dakika 60 hadi 119, abiria anaweza kudai robo ya nauli. Zikifika 120 au zaidi, nusu. Kilichonigusa zaidi ni kifungu kingine: kama uliambiwa kuhusu ucheleweshaji kabla hujanunua tiketi, fidia hiyo huna. Niliposoma hapo nilitulia kidogo. Maana yake kuna watu walikaa wakaona kwamba kumwambia abiria ukweli kabla hajatoa pesa zake ni jambo zito kiasi hicho, linaweza kulifuta deni. Na Japani, mwaka 2017, kampuni moja ya reli iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Sekunde 20. Sisi tumekaa saa moja na nusu gizani kwa "dakika kumi".

Na mtu asinijibu kwamba kazi za njia hazina budi. Najua hazina budi! Reli isiyotengenezwa inaua watu. Lakini katika kila kinachoweza kuchelewesha treni, mafuriko, ng'ombe, injini kufa, kazi iliyopangwa ndiyo pekee inayojulikana tarehe yake mapema. Treni za kasi za Japani, Shinkansen, huwa hazitembei kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ili mafundi waifanye kazi yao njia ikiwa tupu. Sidai kila reli iweze hivyo. Njia moja inayobeba mizigo na abiria usiku na mchana haina saa sita za kulala. Nadai karatasi ile ingekaa kwenye kidirisha cha tiketi, upande wangu wa kioo.

Mabasi yalikuwa mawili kwa abiria wa mabehewa manane. Watu walivyosukumana sitaki hata kueleza. Nilimweka mama pembeni nikaamua tungoje mzunguko wa pili, na hapo nilikuwa nimeshaandika maoni yangu kichwani: nyota moja, msipande, kamwe.

Akaja mtu kutoka upande wa njia, mtu wa makamo, ovaroli imejaa grisi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mmoja wa mafundi wa njia. Alimwona mama ameegemea ukuta, akarudi alikotoka bila kusema kitu, akaja na kasha la vifaa, akalipindua, akalifuta kwa kofia yake. "Kaa hapa, mama. Mtusamehe. Sisi ndio tunaowachelewesha."

Huyo ndiye mtu wa kwanza kutuomba radhi tangu jioni, na ndiye pekee ambaye hakuwa na kosa.

Nilimuuliza kwa ukali, nakiri, kwa nini lazima iwe usiku. Hakukasirika. Alichuchumaa, akatuonyesha kwa mkono reli ilivyolala. Alisema reli za siku hizi huchomelewa zikawa kipande kimoja kirefu, hazina tena viungio vya kila mita chache. Chuma hicho kikiachwa huru, joto likipanda nyuzi 30, kila kilomita moja ingerefuka karibu sentimita 35. Haiachwi huru, mataruma yameibana, na mataruma nayo yameshikwa na kokoto. Ukichokoa kokoto ili utoe taruma bovu, umeilegeza reli yenyewe. Jua likiikuta katika hali hiyo inaweza kupinda ubavuni kama nyoka. Kwa hiyo wanafanya wakati wa baridi ya usiku. Kisha inapita mashine yenye vidole vya chuma, inainua njia, inatia vidole vyake kwenye kokoto na kuzitikisa mpaka zikaze chini ya mataruma. Hata baada ya hapo treni zinaamriwa kwenda polepole kwa siku kadhaa, kwa sababu uzito wa treni zenyewe ndio unaomalizia kuituliza njia.

"Ukiona inajikokota pale, mzee, haijaharibika," aliniambia. "Inatusaidia kushindilia."

Na ile saa moja na nusu? Alijua pia. Mabasi yalikuwa hayajafika, na stesheni ile haina pa kukaa wala maji, ikaonekana heri watu wabaki behewani kwenye viti kuliko kumwagwa gizani. Ni sababu nzuri! Ningekuwa mimi msimamizi ningeamua vivyo hivyo. Ni sentensi moja tu: mabasi yamechelewa, kaeni ndani, ni salama zaidi. Mkaguzi alikuwa nayo mdomoni akapita nayo mabehewa yote manane, akatuachia "dakika kumi".

Mama alimuuliza yule fundi ana watoto wangapi, wakazungumza mambo yao mpaka basi likarudi. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono apande. Nikiwa kwenye basi nilifuta ile nyota moja kichwani. Niliwaza, shirika lenye watu kama huyu haliwezi kuwa bovu kabisa, na watu wanaoamka usiku kutuwekea njia salama hawastahili niwachafulie jina kwa sababu ya mtu mmoja na simu yake. Nilifika nikiwa nimeamua kuandika mazuri. Naapa nilikuwa nimeamua.

Siku mbili baadaye nikaenda kudai angalau sehemu ya nauli. Sikwenda kwa shari. Nilikuwa na tiketi zote mbili na picha ya tangazo. Dada wa kidirishani alizigeuza tiketi, akaona zimetobolewa, akasema, "Zimetumika." Nikamweleza zimetumika nusu ya njia. Akasema tiketi ikishatobolewa imetumika. Nikamwomba nionane na msimamizi. Msimamizi hakutoka, alijibu kutoka chumba cha nyuma, nikimsikia sauti tu, kwamba abiria walikuwa wameshaarifiwa kwa tangazo.

Tangazo tena. Nilimwambia mama yangu hakuliona. Akasema, "Lilikuwepo."

Kwa hiyo siwezi kuwapa hukumu iliyonyooka, na nimejaribu. Mafundi wa njia wale, kama kungekuwa na mahali pa kuwaandikia wao peke yao, ningewapa kila nilicho nacho. Yule bwana wa jukwaani simtakii mabaya, namtakia tu siku moja mama yake mzazi ashushwe kwenye kokoto usiku, akutane na mtu mwenye subira kuliko yeye. Hapana, hilo nalirudisha. Simtakii mama wa mtu yeyote yale.

Mama anataka kurudi nyumbani wiki ijayo, na anataka treni. Anasema kwenye basi la masafa magoti yanaganda, kwenye treni anaweza kusimama na kunyoosha. Pia anataka kumpitia yule fundi amrudishie kofia. Aliisahau juu ya kasha, mama akaichukua akidhani atamwona tena kabla basi halijaondoka. Ameshaifua. Jana nilikwenda kidirishani kuulizia tiketi, nikauliza kwanza, taratibu, kama wiki ijayo kutakuwa na kazi njiani. Yule dada aliniambia hajui, nije niulize siku ya safari.

Nilizunguka jengo nikamulika vioo vyote. Sikuona karatasi. Tiketi bado sijanunua.