TAHADHARI: Matangi ya "mistari ya mkono" ambayo ni stika chini ya klia

Wadau wa pikipiki, kama unanunua tangi kwa kuangalia picha tu, au unataka kutuma tangi lako likachorwe mistari ya pambo, soma hadi chini kabla hujalipa. Wapo wauzaji wanaotangaza "mistari imevutwa kwa brashi, kazi ya mkono asilimia mia", na kinachomfikia mnunuzi ni stika iliyokatwa na mashine, ikapuliziwa juu yake klia ya kopo, yaani vanishi angavu ya kulinda na kung'arisha. Likiwa jipya, tangi hilo linang'aa kiasi kwamba hata fundi anaweza kupita asishtuke. Mambo huharibika siku mafuta yanapomwagika pembeni ya kifuniko: klia inalainika, inanata kidoleni, halafu ukingo wa stika unanyanyuka kama lebo ya chupa iliyolowa.

Tuelewane kwanza: stika yenyewe si kosa. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani na stika chini ya klia nzuri na hudumu miaka. Wala kile kifaa cha kigurudumu, Beugler, chenye kichupa cha rangi na gurudumu dogo mbele, si utapeli. Ni mkono ule ule, ila upana wa mstari unaamuliwa na gurudumu. Vivyo hivyo mstari wa kupuliza katikati ya tepu mbili. Kosa ni kulipia brashi ukapewa kingine.

Tapeli hapa anaiba sifa ya watu wengine. Royal Enfield kule Chennai, India, imejulikana kwa matangi yaliyochorwa mistari kwa brashi na mafundi wa familia moja. Triumph ina modeli zinazochorwa kwa mkono na mchoraji akaacha herufi za jina lake. BMW nayo ilitoa R 18 yenye mistari miwili myeupe ya mkono juu ya rangi nyeusi. Kwa hiyo muuzaji anaandika "mtindo wa kiwandani", anaweka herufi mbili chini ya tangi kwa kalamu ya wino, biashara imekwisha. Herufi hizo zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Wino wa kalamu uliokaa juu ya klia hutoka kwa mpanguso mmoja. Herufi za rangi zilizoko chini ya klia hazitoki.

Kinachomfichua mapema kabisa ni siku anazoahidi. Rangi ya kazi hii ni enameli ya mafuta, ile ya waandika vibao, na 1 Shot ndiyo inayojulikana zaidi. Ina rangi nzito ndani yake ili mstari mwembamba uzibe kwa mvuto mmoja, na kwa sababu ni ya mafuta haina haraka. Saa kadhaa mpaka isinate, usiku mzima mpaka ivumilie kazi inayofuata. Kabla yake tangi limeoshwa kwa sabuni, limepanguswa dawa ya kuondoa nta na silikoni, limepigwa msasa wa maji wa 1000 hadi 1500 ili klia ishike. Ukiacha silikoni, rangi inakimbia na kuacha vitundu vya mviringo, yale "macho ya samaki". Baada ya mistari kukauka ndipo klia inapigwa, mipako 2 au 3, nayo inahitaji siku kadhaa kukomaa kabla ya kuguswa na mafuta. Fundi mwenye haraka akipuliza klia juu ya enameli mbichi, thina ya klia inazama kwenye mstari na mstari unakunjamana kama utando wa maziwa. Ndiyo maana wanaojua kazi huongeza hadina (dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu) kwenye enameli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, au husubiri. Sasa mtu akikwambia "lete leo, kesho unalo, limechorwa na limepigwa klia", hesabu hiyo haiingii popote.

Njoo sasa kwenye mstari wenyewe. Brashi ya kazi hii ina umbo la upanga: nywele ndefu upande mmoja, fupi upande wa pili, zinaishia kwenye ncha moja. Fundi anaipakaza rangi kwenye karatasi nyororo, mbele na nyuma, mpaka rangi iingie hadi tumboni mwa brashi, kisha anaivuta kuelekea kwake huku kidole kidogo kikiegemea tangi. Akikandamiza, mstari unanenepa, akilegeza, unakonda. Kwa hiyo mstari wa brashi una mwanzo mwembamba, mwili, na mkia. Tazama mahali unapoanzia na unapoishia, mara nyingi nyuma karibu na kiti au chini ya tumbo la tangi, kwa kuwa hapo ndipo mafundi hupenda kuficha maungio. Utaona mkia mmoja umelala juu ya mwingine, na hapo rangi imekolea kidogo. Stika inaishia kwa mkato wa wembe, mraba, au vipande viwili vimepandana na kuacha ngazi ndogo.

Kisha kona. Kwenye kona kali fundi huizungusha brashi katikati ya vidole, na upana hubadilika hata kama ni kwa unywele. Stika kwenye kona kali hukataa kulala: tafuta vikunjo vidogo upande wa ndani wa kona, au mkato wa umbo la V ambapo aliichana ili ipinde. Hilo ndilo eneo ambalo picha za tangazo hazionyeshi kamwe. Akikutumia picha kumi zote za ubavu wa kushoto kutoka mbali, omba moja tu ya kona ya mbele karibu na shingo ya pikipiki, simu ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye tangi. Majibu yake yatakueleza mengi kuliko picha.

Tangi likiwa mkononi, zima taa ya chumba, washa tochi na uilaze karibu ilingane na bati. Stika ya kuhamisha huwa na utando usio na rangi unaozidi mstari, na mwanga wa ubavu huuonyesha kama kivuli kinachotembea sambamba na mstari pande zote mbili. Ukiwa na lenzi ya mara 10, kazi iliyochapishwa itaonyesha vidoti vya rangi mbalimbali vilivyopangwa kama matundu ya chujio. Rangi ya brashi haina vidoti. Stika ya rangi moja iliyokatwa na mashine haina vidoti pia, lakini kingo zake zimenyooka sambamba mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mkono wa binadamu hauwezi kwenye tangi lenye mabonde. Kucha nayo husaidia pale ambapo klia ni nyembamba: enameli ina mgongo wa duara, stika ina ukingo wa ngazi. Klia ikiwa nene na imesawazishwa kwa msasa, kucha haitakwambia kitu, usiitegemee.

Ubavu wa kushoto na wa kulia ni kipimo kingine ambacho unaweza kukifanya hata kabla ya kulipa. Omba picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa urefu mmoja, geuza moja kwenye simu ili iwe kama kioo, iweke juu ya nyingine. Kazi ya mkono itapishana milimita hapa na pale. Zikilingana hadi unene wa mstari, kuna mashine hapo. Lakini kuwa na haki: mafundi wengi hutoboa karatasi kwa sindano na kupitisha unga wa chaki ili umbo la pande zote lifanane. Kwa hiyo njia ya mstari inaweza kulingana sana. Unene hauwezi.

Tatizo la pili ni baya zaidi kwa sababu linawapata hata waliochorewa kwa brashi kweli. Ni klia. Klia ya kopo moja, isiyo na hadina, hukauka kwa thina kuruka tu, na petroli ikiikuta huilainisha tena. Enameli isiyofunikwa kabisa nayo, ukiipangusa kwa kitambaa chenye petroli, inaweza kuondoka na kitambaa. Tangi la mafuta linahitaji klia ya sehemu mbili yenye hadina. Hiyo hadina ina kemikali iitwayo isosaineti, na fundi anayeipuliza bila barakoa ya kufaa na hewa ya kutosha anajiumiza mapafu; ukiona video yake akipuliza uso wazi, ama hajali ama hiyo si klia ya sehemu mbili. Usiulize "klia yako ni nzuri?" Uliza: inachanganywa kwa uwiano gani na hadina, na umepiga mipako mingapi? Mwenye kazi atajibu bila kufikiri. Mwenye kopo la kupuliza la kawaida atakwambia "ni ya gari, usijali". (Yapo makopo ya kupuliza yenye hadina ndani, yanayotobolewa chini kabla ya kutumia, anayeyatumia ataweza kukueleza, maana yakishatobolewa hayakai muda mrefu.)

Usijaribu petroli juu ya tangi lenyewe. Dai kipande cha bati chenye ukubwa wa kiganja, kilichochorwa na kupigwa klia siku moja na tangi lako, kwa vitu vile vile. Kikishakomaa wiki moja, dondoshea petroli, acha dakika 5, pangusa. Kisiponata na kisipofifia, uko salama. Fundi halisi ana vipande hivyo vingi kwenye karakana. Kukupa kimoja hakumpotezei kitu. Ukipokea tangi, angalia pia mdomo wa kujazia: klia iwe imezunguka hadi chini ya ukingo wa kifuniko, isikatike juu. Ikikatika pale, petroli huingia chini yake polepole na kuanza kuimenya kutoka ndani.

Kwa mnaotuma matangi yenu, kuna mchezo wa kubadilishiwa. Tangi zuri linaenda, linarudi jingine lenye mbonyeo uliojazwa fila, na mistari imewekwa juu yake kupoteza macho. Kabla ya kutuma, gonga vidoti vitatu kwa msumari kwenye mkunjo wa bati wa chini, mahali unapopajua wewe, upige picha. Likirudi, pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya tangi lote. Penye fila nene sumaku inalegea au inadondoka. Hilo ni kwa tangi la chuma tu. La alumini au plastiki halishiki sumaku mahali popote. Na tafadhali, liwe limemwagwa mafuta yote, bomba la mafuta limefunguliwa, limeachwa wazi nje likapigwa upepo kabla ya kufungwa kwenye boksi. Tangi "tupu" lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Wauzaji hao hao mara nyingi huuza pia brashi na rangi kwa wanaojifunza. Brashi halisi za upanga ni za nywele za kindi, laini kabisa, zinazobeba rangi nyingi na kuiachia taratibu. Za bandia ni nailoni iliyopakwa rangi ya kahawia. Chomoa unywele mmoja uuchome: wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu, nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Halafu chovya brashi kwenye thina, ipitishe kati ya vidole. Ya kweli inajikusanya kuwa ukingo mmoja kama kisu na kubaki ilivyolazwa. Ya bandia inachanua na kurudi ilikotoka. Angalia na ncha: nywele asili huchongoka zenyewe, zilizokatwa kwa mkasi huwa butu, na brashi iliyokatwa hivyo haitakupa mkia hata uwe na mkono wa dhahabu. Kopo la enameli nalo likague mfuniko. Likiwa na makovu ya bisibisi, huenda limejazwa rangi ya kawaida ya milango. Vuta mstari mmoja kwenye kioo, nyanyua kioo kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, hiyo si rangi ya mistari.

Kuhusu malipo: usilipe yote mbele. Gawa mara mbili, na sehemu ya pili itoke baada ya video fupi, isiyokatwa, inayoonyesha brashi ikivuta mstari juu ya tangi lako, vile vidoti vitatu vikionekana mwanzoni kabla kamera haijageuka. Picha za tangazo zitafute kwenye intaneti kwa kutumia picha zenyewe. Picha za matangi mazuri huzunguka miaka na miaka, na utakuta ile ile kwa wauzaji watano.

Kama umeshaingia mkenge, usianze kuibandua stika kwa wembe, utachana rangi ya chini na muuzaji atapata kisingizio. Piga picha kwanza: kona, maungio, mdomo wa tangi, na kipande kilichonyanyuka kikiwa kando ya rula. Hifadhi maandishi ya tangazo lenye neno "brashi" au "mkono" kabla hajalifuta, pamoja na risiti, na upeleke malalamiko kwenye huduma ya malipo mapema, kwani nyingi zina siku za mwisho. Jibu lake la kwanza huwa "umelimwagia petroli wewe mwenyewe". Mjibu kwamba ni tangi la petroli.