Chaneli moja, nchi tatu: uzoefu wangu na kituo cha michezo kilichosambaa duniani

Nimekilipia kituo hiki cha michezo kwa miaka minne, na ndani ya miaka hiyo kazi imenihamisha nchi mara mbili, kwa hiyo nimekilipia katika nchi tatu. Jina nitaliacha. Aliyewahi kulipia kituo chochote cha michezo kilichovuka mipaka atakitambua chake humu humu. Nakipa nyota tatu kati ya tano, na mbili zilizobaki nitaeleza zilidondokea wapi.

Nilipojisajili mara ya kwanza, kilichonivuta ni ramani. Tangazo lao lilikuwa na ramani ya dunia, nchi walizofika zimepakwa rangi ya kituo, na rangi imeenea karibu kila bara. Mimi nikaisoma kama mtu anavyosoma ramani ya mtandao wa simu: palipo na rangi, huduma inashika. Nikajua hata nikihama, mechi zangu nitahama nazo. Nikalipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Nchi ya kwanza sina neno nayo. Ligi ninayoifuata ilikuwepo yote, picha safi, watangazaji wanaowajua wachezaji kwa majina na kwa majeraha yao. Kisha nikahama. Jumamosi ya kwanza nikafungua programu dakika kumi kabla ya mechi. Nembo ile ile, rangi zile zile, hata mlio wa kufungulia ni ule ule. Ligi haipo. Mahali pake kulikuwa na ndondi, mbio za baiskeli na mpira wa mikono. Nikadhani programu imekosea, nikaizima, nikaiwasha. Nikaandikia huduma kwa wateja, na baada ya roboti kuniuliza mara tatu kama nimewasha upya kifaa changu, nikampata binadamu. Alikuwa muungwana kweli: "Ligi hiyo hapa haiko kwetu, ndugu mteja. Iko kwa wenzetu." Na akaunti je? Akaunti ni ya nchi ilikotoka kadi yangu ya benki. Hapa nifungue nyingine. Miezi mitano niliyokwisha kuilipia ikabaki ng'ambo ya mpaka.

Nilikasirika, kisha nikaanza kusoma jinsi biashara hii inavyokwenda, na nakiri kwamba ningesoma kabla ya kulipa ningejiokoa. Kituo cha michezo hakina mechi. Mechi ni mali ya ligi au shirikisho, nalo huuza haki za matangazo nchi kwa nchi, au kanda kwa kanda, kwa mkataba wa miaka michache. Aliyetoa dau nono katika nchi hii si lazima awe ndiye atakayelitoa kwa jirani. Kwa hiyo kituo kinapotangaza kwamba kimeingia nchi fulani, maana yake ni kwamba kimepanga nyumba pale. Mkataba ukiisha na mwingine akaja na kodi kubwa zaidi, mpangaji anafungasha virago, hata kama ukutani alishatundika picha zake.

Tazama yaliyowapata Setanta. Mwaka 1990 Waayalandi wawili waliokuwa London hawakupata pa kuitazama timu yao ikicheza na Uholanzi kwenye Kombe la Dunia, wakatafuta matangazo wenyewe na kuyaonyesha ukumbini. Kwenye ukumbi huo ndiko kilikozaliwa kituo kilichokuja kufika Marekani na Australia, na kununua sehemu ya mechi za Ligi Kuu ya England. Juni 2009 tawi la Uingereza likaanguka kifedha. Mechi zake zikachukuliwa na ESPN, Wamarekani walioanza kurusha matangazo mwaka 1979 kutoka mji mdogo wa Bristol, Connecticut. Mwaka 2013, haki zilipowaponyoka, nao wakauza chaneli zao za Uingereza na Ayalandi kwa BT, kampuni ya simu ya Uingereza. Mtazamaji wa pale hakuhama hata kochi, ila kama alitaka kuendelea na mechi zile zile alishapitia kampuni tatu. Mimi angalau nilipanda ndege.

Wapo waliojaribu kuuruka ukuta huu. Mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth alinunua king'amuzi na kadi ya Ugiriki, akawa anaonyesha mechi za England kwa gharama nafuu. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Oktoba 2011 ikaamuliwa kwamba kumzuia mtu asinunue kadi ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha sheria za soko lao. Tangu Aprili 2018 wana pia kanuni inayomruhusu mteja anayesafiri kwa muda ndani ya Umoja kutazama kule aendako kile alicholipia kwake. Kanuni nzuri, ila ni ya msafiri, si ya aliyehama na mabegi yake yote kama mimi.

Basi nchi ya pili nililipia kituo hiki bila ligi yangu. Kwa nini? Kwa sababu ya ndondi na baiskeli, na hapa ndipo nyota mbili kati ya zile tatu zilipopatikana. Niligundua kwamba ipo michezo inayovuka mipaka kwa wepesi, na kituo kinachotaka kupanuka hujua kuichagua. Eurosport ilipoanza Februari 1989 ilikuwa picha moja ikirushwa Ulaya nzima, sauti zikitofautiana kwa lugha. Baiskeli inapopanda mlima haihitaji maelezo mengi. Ndondi nazo zina urahisi wake: haki za pambano huwa mikononi mwa promota, akitaka kuliuzia dunia nzima kwa mkataba mmoja hana vilabu ishirini vya kuviomba ruhusa. DAZN, kituo cha michezo cha intaneti walioanza mwaka 2016 katika nchi zinazozungumza Kijerumani na Japani, walikuwa wakifungua nchi moja baada ya nyingine. Desemba 2020 walipotaka kuingia nchi na maeneo zaidi ya 200 kwa mpigo, waliingia na ndondi. Sikujua kama nitakuja kuzipenda. Sasa naamka usiku wa manane kwa ajili ya raundi kumi na mbili za watu wawili ambao mwezi uliopita sikuwajua.

Kwenye soka pia mambo yamejaribiwa. Mwaka 2023 Apple walianza kuonyesha ligi ya Marekani, MLS, duniani kote kwenye jukwaa moja, na miezi michache baadaye Messi akatua Miami, kwa hiyo mtihani ulikuja na bahati yake. Kombe la Dunia la Vilabu la 2025, lile la timu 32, lilionyeshwa na DAZN bure ulimwenguni. Nililifuata nikiwa katikati ya kuhama kwa mara ya pili: mechi moja nikiwa nchi hii, nyingine nikiwa nchi ile, na sikubadilisha chochote. Ndivyo nilivyodhani kila kitu kitakuwa siku ile niliyoiona ramani.

Sasa picha yenyewe. Jambo lililonishangaza ni jinsi kituo kinavyotengeneza kidogo kati ya unachokiona. Kamera za uwanjani kwa kawaida huwa za mwandaaji. Kwenye Kombe la Dunia la FIFA, kampuni ya HBS imekuwa ikitengeneza matangazo ya msingi tangu 2002, na vituo vya dunia nzima hupokea picha ile ile. Kituo huongeza sauti, studio, wachambuzi na matangazo ya biashara. Mara nyingi mtangazaji hayuko hata uwanjani. Yuko kwenye chumba kidogo nchi nyingine, anatazama skrini kama mimi. Nililibaini hilo siku mtangazaji aliposhangilia goli kwa sekunde nyingi huku bendera ya mwamuzi msaidizi ikiwa juu. Kamera haikuwa imeionyesha, basi naye hakuiona. Tangu hapo huwa najaribu kubahatisha: huyu yuko uwanjani au kwenye kibanda? Aliye uwanjani anakutajia mchezaji anayepasha misuli kabla kamera haijamgeukia.

Katika nchi ya pili kituo kilikuwa kimeajiri watu wa pale pale, wanazungumza lugha ya pale, wanajua utani wa pale, na nusu ya utani ulinipita lakini nilifurahi kwa ajili ya majirani zangu. Nchi ya tatu, niliko sasa, wametuunganishia tu sauti ya makao makuu. Kabla ya mechi tunapewa saa nzima ya wachambuzi wakijadili timu ambayo hapa sijamsikia mtu akiitaja. Ndiyo nyota ya nne ilipodondokea. Kupeleka picha nchi mpya ni kazi ya mitambo na mkataba. Kupeleka kituo ni kazi ya watu, na watu wana gharama. Kinachoniokoa ni kitufe kimoja kilichofichwa kwenye mipangilio: unazima mtangazaji, unabakiza sauti ya uwanja. Ngoma, filimbi, kipa akiwafokea mabeki. Wangekitangaza hicho badala ya ramani.

Ya tano ilianguka kwa kuchelewa. Mdogo wangu anatazama kwa dishi, nchi nyingine. Mimi natazama kwa intaneti. Setilaiti inakaa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, na picha kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde. Ukijumlisha na usindikaji wake bado ni sekunde chache. Kwenye intaneti picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, programu ikangoja ijikusanyie vipande viwili vitatu ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba isikwame. Matokeo yake mimi huwa nyuma karibu nusu dakika. Siku ya fainali moja iliyokwenda kwenye penalti, mpigaji wangu alikuwa ndiyo kwanza anaweka mpira kwenye kidoa, simu ikatetema mezani. Sikuisoma. Lakini mdogo wangu huyo, timu yetu ikikosa, hukaa kimya siku nzima. Akiandika tu, najua. Nikamtazama mpigaji akirudi nyuma, akivuta pumzi, akiangalia pembe, na mimi nilishajua ni goli. Tuna makubaliano sasa: hakuna kuandika mpaka mimi nianze.

Tena kuna tofauti ambayo wauzaji hawakwambii. Setilaiti haijali watazamaji ni kumi au milioni kumi, mvua ya picha inanyesha ile ile. Intaneti kila mtazamaji ni ndoo nyingine ya kujazwa. Mechi ya katikati ya wiki inapita kama maji. Mechi kubwa ikifika, picha inaanza kuchuja, wachezaji wanakuwa vibonge vya rangi, halafu inaganda. Kwangu iliganda mara moja tu kwa kweli, ila ilichagua dakika ya 83.

Marudio ni mazuri kwa anayeishi mbali na saa za mechi, na wameweka chaguo la kuficha matokeo. Chaguo hilo linafanya kazi nusu. Wanaficha namba, kisha wanaweka picha ya nahodha akiwa na kombe. Wakiondoa picha, wanaacha urefu wa video. Mechi ya mtoano yenye marudio ya saa mbili na nusu imeshakwambia kuna dakika za nyongeza. Siku hizi nafunika sehemu ya chini ya skrini kwa kiganja, na mke wangu ameacha kuuliza.

Malipo: nchi moja waliruhusu mwezi kwa mwezi, nyingine mwaka tu, na kujitoa kulihitaji kupiga simu saa za kazi. Mengine sina haja ya kuyasema.

Nani alipie? Mpenzi wa ndondi, baiskeli, tenisi, alipie bila wasiwasi, hasa kama husafiri. Anayefuata ligi moja aache kabisa kuangalia jina la kituo. Aulize ligi yake katika nchi aliyopo iko kwa nani, na mkataba unaisha lini, kisha alipie muda usiovuka hapo. Mimi sasa nalipa mwezi kwa mwezi.

Wiki hii wamenitumia barua pepe ya shangwe yenye ramani mpya, rangi imeongezeka. Chini yake kuna habari kwamba wameipata ligi yangu katika nchi ya pili, miezi minane baada ya mimi kuondoka.