Rauta za kuwekea OpenWrt: zipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Ukiuliza rauta ipi inafaa kuwekewa OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa kwenye rauta badala ya ule wa kiwandani, utatajiwa kasi tu: hii ni AX3000 (daraja la kasi ya waifai), ile ina matundu ya gigabiti. Kwa mtu wa Dar sawa, maana ikimfia anapanda daladala hadi Kariakoo na jioni ana nyingine. Aliyeko Uyole, Mafinga au Tukuyu mambo yake ni tofauti. Mzigo wake utapakiwa kwenye basi, na ile iliyokufa muuzaji hataipokea akishajua umefuta fimwea ya kiwandani, yaani programu inayoiendesha rauta. Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa swali moja kubwa: siku ikigoma kuwaka, utaweza kuifufua mwenyewe mezani kwa laptopu na waya mmoja? Swali la pili ni umeme inaotaka. Kasi nimeiweka ya tatu, kwa sababu nyumba nyingi za huku zinaishi kwa 4G, na hapo kinachobana ni mnara, si rauta.

Na ujisumbue kwa lipi? OpenWrt ilianza mwaka 2004, baada ya Linksys kubanwa na leseni ya Linux hadi ikatoa hadharani msimbo wa rauta yake ya WRT54G. Leo inakupa masahihisho ya usalama kwa kifaa ambacho kiwanda kimeshakisahau, waifai ya wageni iliyotengwa, na laini mbili za intaneti zinazopokezana. Lakini kwa nyumba yenye laini moja na watu sita, kinacholipa gharama zote ni SQM, kipengele kinachopanga foleni ya data. Bila SQM, mmoja akianza kupandisha video, foleni inajaa na wote wanakwama, mama anayeongea na mwanawe kwa WhatsApp anabaki anasema "haloo, haloo". SQM, hasa ukichagua cake (mojawapo ya kanuni zake za kupanga foleni), inawagawia watu zamu kwa haki. Unapima kasi, unaandika asilimia 80 hadi 90 ya ulichopata, unahifadhi. Kwenye 4G pima saa mbili usiku, mnara ukiwa umeelemewa. Ukiandika namba ya alfajiri, usiku SQM itakuwa imewashwa bure, kwa sababu foleni itajaa mnarani kabla haijafika kwako.

Soma kibandiko kabla ya jina

Kosa linalokula pesa za watu wengi ni kununua jina la modeli na kusahau toleo lake. Kiwanda hubadilisha chipu na memori ndani, boksi linabaki lilelile. Mfano ni TP-Link TL-WR841N, ambayo utaikuta karibu kila duka la vifaa vya simu Mwanjelwa au Miomboni. Toleo la 13 lina flashi (hifadhi ya mfumo) ya megabaiti 8 na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya megabaiti 64. Toleo la 14, ambalo ni jipya zaidi, limerudi nyuma hadi 4 na 32, na vifaa vya 4 na 32 OpenWrt iliviacha baada ya tawi la 19.07. Kwa hiyo "mpya" hapo ni mbaya kuliko "ya zamani".

Dukani mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, naomba nigeuze nione chini."

"Hiyo mpya kabisa bosi, haijafunguliwa."

"Naona. Nataka namba ya toleo tu."

Mara nyingi huna haja hata ya kuchana nailoni. Kwenye boksi la TP-Link, kibandiko chenye msimbopau kina "Ver" na namba pembeni. Piga picha, fungua jedwali la vifaa kwenye tovuti ya OpenWrt, tafuta modeli pamoja na toleo hilohilo. Kama toleo halimo, rauta haimo, hata kama ndugu zake wote wamo. Ukiagiza Kariakoo, mwambie muuzaji akutumie picha ya kibandiko kabla hujatuma pesa. Anayekataa kupiga picha moja, achana naye.

Kima cha chini ninachokubali sasa ni flashi 16 na RAM 128. Flashi 8 na RAM 64 huwaka, lakini ukianza kuongeza vifurushi vya programu nafasi inaisha mapema.

Ya kwanza: GL.iNet

Hizi zinatoka kiwandani zikiwa tayari na OpenWrt iliyovalishwa kurasa zao wenyewe, kwa hiyo hakuna kuvunja mlango. Kilichozipandisha juu ya orodha ni namna zinavyofufuka. Unashikilia kitufe cha riseti huku unaiwasha, taa inapepesa mara kadhaa, unaachia. Laptopu unaipa anwani 192.168.1.2, unafungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari, na hapo unakuta ukurasa mdogo unaokuomba faili la fimwea. Ukurasa huo unakaa kwenye kiwashio (programu ndogo inayowaka kabla ya mfumo), si kwenye mfumo, kwa hiyo hata ukiharibu mfumo wote, ukurasa bado upo.

Ndogo yao, GL-MT300N-V2 inayoitwa Mango, ina flashi 16 na RAM 128, inakula volti 5 kupitia maikro USB. Yaani umeme ukikatika unaichomeka kwenye pawabanki na maisha yanaendelea. Ubaya wake: waifai ya 2.4 GHz pekee, na matundu ya megabiti 100. Kwa chumba cha mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga inatosha na kubaki. Kwa familia, tafuta GL-MT3000, Beryl AX: RAM 512, flashi 256, USB-C ya volti 5 na ampea 3. Angalia hiyo ampea. Chaja ya simu ya kawaida itaiwasha, kisha itazima na kuwaka yenyewe waifai ikichangamka, nawe utailaumu fimwea bure.

Tatizo la GL.iNet ni kupatikana. Madukani huku ni nadra, utaagiza.

Ya pili: Cudy

Kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu anayetaka kifaa cha kawaida chenye antena na matundu ya kutosha, Cudy WR3000 ndiyo ningemwambia anunue. Ina chipu ya MT7981, RAM 256 na flashi 16, na SQM haiitoi jasho kwenye laini yoyote ya 4G utakayoipata Mbeya. Kampuni yenyewe inatoa fimwea ya katikati iliyotiwa saini: unaipandisha kwa ukurasa wa kawaida wa rauta, halafu kutoka hapo unapandisha OpenWrt rasmi. Ikifa, laptopu unaipa 192.168.1.88, unaweka seva ya TFTP (programu ndogo ya kugawa mafaili kwenye netiweki) yenye faili liitwalo recovery.bin, unashikilia riseti unapowasha, nayo inalivuta. Lakini kuna WR3000, WR3000S, WR3000E, WR3000H na wenzake, na kila moja ina faili lake. Turudi kwenye kibandiko.

Ya tatu: Archer C7 ya mtumba

TP-Link Archer C7 imeshapitwa na miaka, na waifai yake ya 5 GHz huweza kusumbua RAM 128 vifaa vikiwa vingi. Bado naipa nafasi ya tatu, kwa kuwa maelezo yake yameandikwa na maelfu ya watu na haifi kirahisi. Toleo la 2 na la 5 zote hufufuka kwa TFTP: laptopu iwe 192.168.0.66, faili liitwe ArcherC7v2_tp_recovery.bin au ArcherC7v5_tp_recovery.bin kulingana na toleo lako. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, rauta italikosa faili na kukaa kimya. Ukiinunua kwa mtu, ijaribu mbele yake na uhakikishe unapewa adapta yake halisi.

Ya nne: Xiaomi Mi Router 4A Gigabit

Kwa bei yake hakuna inayoishinda nguvu: MT7621, flashi 16, RAM 128. Shida ni kwamba haina mlango wa kuingilia, unapita dirishani. Inabidi utumie upenyo wa usalama kupitia skripti za OpenWRTInvasion, na fimwea ya kiwandani ikiwa ya toleo jingine upenyo unakataa hadi uishushe. Toleo la kwanza na la pili la kifaa hiki yana faili tofauti. Mwenye subira ainunue. Ambaye hajawahi kuflashi chochote, yaani kubadilisha fimwea ya kifaa, asianzie hapa. Na usiichanganye na 4A isiyo na neno Gigabit, hiyo ina RAM 64.

OpenWrt One, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa dola 89, ingeshika nafasi ya kwanza kwa ufufuko: ina flashi mbili na swichi ya kuchagua iwake kwa ipi. Lakini ina tundu moja tu la waya kwa upande wa nyumbani, na hadi ikufikie Njombe gharama ya usafiri na ushuru imeshakula utamu wake.

MikroTik iache ilivyo

Mafundi wengi wa intaneti za mitaani wanazifahamu MikroTik, na RouterOS, mfumo wake wa kiwandani, ni imara. Baadhi zinakubali OpenWrt, lakini sioni sababu. Ukiwa nayo, jifunze RouterOS. Nyingi zinakubali volti mbalimbali badala ya 12 kamili, jambo zuri kwa mwenye betri ya sola.

Za kukwepa

Kiboksi cha 4G ulichopewa na mtandao wa simu usikiguse, nyingi hazina fimwea mbadala kabisa. Kiache kifanye kazi ya modemu, kisha chomeka rauta yako nyuma yake kwa waya. Vivyo hivyo na kile cha faiba. Rauta zenye chipu ya Broadcom nazo ziogope kwa OpenWrt kwa sababu ya madereva ya waifai. Baadhi zinaendeshwa vizuri na FreshTomato, ila huo ni mradi mwingine. Zile za ZTE MF286, zenye 4G ndani, OpenWrt inazikubali, lakini nyingi ni mtumba zilizofungwa kwa mitandao ya nje, na kuzifungua ni kazi ya mzoefu.

Ukitaka modemu ya USB badala ya kiboksi, Huawei E3372 ya HiLink inafanya kazi: weka vifurushi vya usb-modeswitch na kmod-usb-net-cdc-ether, itajitokeza kama kadi ya netiweki yenye 192.168.8.1. Ikiwa rauta inajizima kila modemu inapotafuta mnara, umeme wa tundu la USB hautoshi. Nunua habu yenye adapta yake.

Siku ya kuflashi na baada yake

Tumia waya, kamwe usitumie waifai. Rauta iwe kwenye UPS ndogo ya volti 12 au betri, maana TANESCO haitakusubiri dakika tatu. Linganisha namba ya sha256 ya faili (ya kuthibitisha kwamba halijaharibika) na ile ya tovuti. Faili la "factory" ni la kutoka fimwea ya kiwandani, la "sysupgrade" ni la kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt. Na katika miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, kama una antena juu ya bati, chomoa waya wake wa netiweki radi inapoanza. Radi ikipita hapo, hakuna TFTP itakayoirudisha rauta.

Ikishawaka, watu hushtuka kwamba waifai haipo. Haijafa. OpenWrt huja waifai ikiwa imezimwa, ingia kwa waya kwenye 192.168.1.1, weka nywila, chagua nchi TZ, kisha iwashe. Kama hakuna ukurasa wowote lakini SSH (kuingia kwa kuandika amri) inakubali, umeweka toleo la majaribio ambalo kwa kawaida halina LuCI, yaani kurasa za mipangilio.

Jambo la pili ni intaneti kukataa kupita ingawa kiboksi cha 4G kina mtandao. Angalia anwani yake. Kama nacho kinatumia 192.168.1.1, vinagongana na rauta haijui pa kupeleka data. Badilisha upande wako uwe 192.168.10.1, chomoa na kuchomeka waya, itapita.

Umekosea mpangilio na huingii tena? Wakati inawaka, taa ikianza kupepesa haraka bonyeza kitufe, itaingia hali ya failisefu, yaani ya dharura. Ingia kwa SSH kwenye 192.168.1.1, andika firstboot, kubali, kisha reboot. Imerudi kama siku ya kwanza.

La mwisho ni VPN. TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo malizana na hilo kwanza. Kisha ujue kwamba rauta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, OpenWrt huchukua tarehe ya faili jipya kuliko yote ndani ya /etc, ambayo inaweza kuwa ya wiki tatu zilizopita, na seva ya WireGuard (aina ya VPN) hukataa mteja ambaye saa yake imerudi nyuma. Utaona kila kitu kiko sawa ila VPN haishiki. Weka kazi ya cron (ratiba ya amri zinazojirudia) ya kugusa /etc/banner kwa amri ya touch mara moja kwa siku ili saa isirudi mbali, na kama data zote unazipitisha kwenye VPN, iache NTP (huduma ya kusahihisha saa) itoke nje yake, vinginevyo saa inaisubiri VPN na VPN inaisubiri saa.