Lushoto kwa mstaafu: naipa nyota nne

Wazee wenzangu mnaouliza mkastaafie wapi, mimi kura yangu Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga. Mji uko kama mita 1,400 juu, feni sahau, na mwezi wa saba bila sweta na blanketi nzito utajuta. Ukitoka mjini unatembea mdogo mdogo hadi Irente, unasimama kwenye mwamba unaona Mazinde na mashamba ya mkonge huko chini mpaka macho yanachoka, halafu unapita pale shambani Irente unabeba jibini na jemu unarudi zako. Siku goti likikubali kuna msitu wa Magamba, mbega wanaruka mitini juu ya kichwa chako, ila chukua mtu wa kukuongoza maana njia zinachanganya na ukungu ukishuka huoni kitu.

Sokoni sasa, plamu na peasi bei ya kucheka.

Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya barabara ya kupanda kutoka Mombo, zile kona mvua ikikolea vifusi vinashuka, na ugonjwa mkubwa itabidi uende hospitali ya Bombo, Tanga mjini, au KCMC kule Moshi. Nyumba za kupanga kagua ukuta wa nyuma, ile niliyooneshwa ilikuwa imeota kuvu nyuma ya kabati na dalali anasema eti ni rangi.