Uzoefu wangu na seti ya bei ndogo ya pistole ya rangi: sindano, mdomo na kofia ya hewa

Mwenye haraka achukue hili kwanza. Seti ya vipuri vya pistole, kile kifaa cha kupulizia rangi, niliyoinunua hapa Lubumbashi inapiga vizuri milango ya chuma na vyuma vya madirisha. Vanishi ya gari siipitishi humo. Tatizo si rangi wala kompresa, ni namna vipande vinavyokaa ndani ya pistole, na karibu kila kasoro niliyoikuta unaweza kuitambua kabla hujachafua kazi ya mteja.

Pistole yangu ni ya kikombe cha juu, ya mtindo wa HVLP, yaani hewa nyingi kwa presha ndogo. Mdomo wake wa zamani ulikuwa umelika, rangi ikitoka nene upande mmoja. Sokoni nikaonyeshwa seti ya 1.4 kwa dola 10 na kitu, na kijana wa duka akaapa: “Patron, hii inaingia ku pistole yote.” Hilo lenyewe lingetosha kumtilia shaka. Namba 1.4 ni upana wa tundu la mdomo kwa milimita, basi. Haikuambii meno ya skrubu yakoje, sindano ina urefu gani, wala mdomo unakalia wapi. Iwata ya Kijapani na SATA ya Kijerumani zote zina 1.4, lakini sindano ya moja haina kazi kwa nyingine.

Mdomo uliingia kwa mkono bila kugoma, nikakaza kwa spana yake. Nikatia tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, kwenye kikombe, si rangi yenyewe, nikafungua hewa. Kikombe kikaanza kutoa mapovu kama sufuria ya bukari inayongoja unga. Mapovu hayo yana maana moja karibu kila mara: hewa inapenya mahali pa rangi. Nyuma ya mdomo kuna ukingo wa mviringo unaobana kwenye mwili wa pistole, chuma kwa chuma, na huo ndio ukuta kati ya njia ya hewa na njia ya rangi. Usipokaa sawa, hewa inarudi kikombeni na rangi inatoka kwa kukohoa.

Wengi hapo wanaongeza nguvu ya spana. Matokeo yake ni meno kuliwa, na mwili wa pistole hauuzwi peke yake. Njia niliyotumia ni ya bei ya bure: paka ukingo wino wa kalamu nene, funga mdomo kwa nguvu ya kawaida, ufungue, utazame wino umefutika wapi. Kwangu ulifutika nusu ya duara tu. Nilipopitisha ukucha nikahisi kijinundu cha chuma kilichoachwa na mashine kiwandani. Msasa wa 2000, ule tunaousugulia vanishi, ukiwekwa juu ya kioo na kuloweshwa maji, ulikiondoa taratibu. Safari ya pili wino ulifutika duara zima na mapovu yakaisha.

Sindano ndiyo iliyonishinda. Kifyatuo cha pistole kina hatua mbili: ukikivuta kidogo hewa inatoka peke yake, ukiendelea ndipo sindano inarudi nyuma na rangi inafuata. Kinachopanga huo mwachano ni bega la sindano, ile pete ambayo kifyatuo kinaisukuma. Nililaza sindano ya zamani na mpya juu ya kioo, ncha kwa ncha, nikapima kwa kalipa: bega la mpya limesogea mbele karibu milimita moja. Ni kidogo kwa macho, lakini hiyo ndiyo nafasi yote ya hewa kutangulia. Rangi na hewa sasa zinatoka pamoja, na kila unapoanza mstari pistole inatema matone kwanza. Kwenye mlango wa chuma unaanzia nje ya ukingo na tone linaangukia kwenye karatasi. Kwenye kapo, yaani boneti, ya Toyota nyeusi, kila tone utalitazama mpaka uchoke. Tourneur, fundi wa kuchonga chuma kwa mashine, angeweza kunirekebishia bega hilo, ila ujira wake ungepita bei ya seti. Na kutumia sindano ya zamani na mdomo mpya sikushauri mtu: vitu hivyo viwili hulika pamoja, ukivichanganya ncha haizibi na rangi inadondoka hata kifyatuo kikiwa kimeachwa.

Kofia ya hewa nayo ina lake. Pigo la rangi kwenye karatasi lilitoka zito chini, jepesi juu. Zungusha kofia nusu duara kisha upige tena. Uzito ukihamia upande wa pili, kosa ni la kofia. Ukibaki palepale, tafuta kwenye mdomo au sindano. Wangu ulihama. Nilielekeza pistole kwenye mwanga, nikaona nafasi kati ya mdomo na tundu la kofia ni pana huku, nyembamba kule: tundu limetobolewa nje ya katikati. Hapo hakuna dawa. Kama ingekuwa uchafu kwenye vitundu vya pembeni, ningevizibua kwa kijiti cha meno. Waya wa chuma usiingize humo kamwe, unapanua tundu na pigo halirudi tena.

Vipira vya kuzuia uvujaji vilivyokuja na seti nilivilaza usiku kucha kwenye chupa ya tina kabla ya kuviamini. Mdogo wangu wa kazi alicheka, “Yaya, unavipikia nini?” Asubuhi vilikuwa vimevimba, kimoja hakikurudi mahali pake. Pakingi ya sindano nimebakiza ile ya zamani ya tefloni, kwa sababu tina haiifanyi kitu. Ukikaza nati yake, simama pale sindano inapoteleza bado bila kukwama.

Kiungo cha mpira wa hewa kilichotiwa kama zawadi kilizunguka kidogo kisha kikagoma. Nacho msikilazimishe. Meno ya robo inchi yako aina mbili: BSP ya Kiingereza ina meno 19 kwa inchi, NPT ya Kimarekani ina 18, na pembe za meno ni digrii 55 kwa 60. Zinadanganyana mwanzoni, halafu zinakwama au zinavuja hata ukiviringisha tefloni rola nzima. Katika mji wa migodi kama huu, wenye mashine za kutoka kila bara, aina zote mbili zinazagaa madukani ndani ya ndoo moja, basi nenda na kiungo chako cha zamani mfukoni.

Muuzaji nilimrudia na kofia mkononi. Hakurudisha pesa, alinipa mfuko wa vichujio vya kikombe, navyo ni vizuri kusema kweli, hasa kiangazi hiki vumbi jekundu linapoingia kila mahali.

Kwa hiyo pistole hiyo nimeiacha na seti mpya kwa kazi za chuma. Kwa magari nimeagiza seti ya kampuni ileile iliyotengeneza pistole, vipande vitatu kutoka pakiti moja, hata kama itangoja foleni ya mpakani Kasumbalesa. Ikifika nitapima bega la sindano kwanza, ndani ya duka, kabla ya kutoa dola.