Unga wa lishe wa Uyole, na walivyonifuata

Hawa watengenezaji wa unga wa Uyole, Mbeya, walinipigia kwanza wakitaka niujaribu na kuusemea, wakauliza mwanangu ana umri gani na kama kuna chakula kinachomdhuru. Nikawaambia karanga humtoa vipele. Wakaniletea pale Mwanjelwa pakiti isiyo na karanga: mahindi, ulezi na soya. Nembo ya TBS, shirika la viwango Tanzania, ipo, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka. Uji ni laini, haushiki chini ya sufuria, ila usipochemka vizuri harufu ya soya inabaki. Malipo tuliandikiana mapema, na hakuna aliyenipangia cha kusema. Huo ndio ustaarabu.

Kampuni moja ya maziwa ya kopo ilinitumia ujumbe, "Habari mama", ikitaka picha ya mwanangu ameshika kopo. Malipo? Kopo lenyewe! Nilikataa. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inataka maziwa mbadala ya watoto wachanga yasitangazwe kwa umma, na sura ya mtoto wangu siiuzi. Jamani wenye kampuni, jueni kwanza jina la mtu na kazi yake.

Pakiti ya kwanza nilipewa bure. Ya pili nimenunua mwenyewe.