TAHADHARI: Fimbo za "mpingo" zenye vichwa vya wanyama zinazouzwa WhatsApp hapa Mwanza

Ndugu zangu wa Mwanza, na ninyi mlio ng'ambo, Sengerema, Ukerewe, mpaka Bukoba: kuna mtu anauza fimbo kwa simu, na ametupiga sisi familia nzima. Jina analotumia silitaji kwa sababu si lake, na namba keshabadilisha mara mbili tangu tuanze kumfuatilia. Nitaeleza mtindo wake, maana huo haubadilishi.

Baba yetu ametimiza miaka 70. Ni fundi mitumbwi wa Igombe, kazi aliyoifanya mpaka mgongo ulipomkatalia. Watoto tuko sita. Tukafungua grupu, tukachangishana tumnunulie fimbo ya heshima, ya mpingo, yenye kichwa cha simba. Mdogo wangu akaona tangazo kwenye stetasi ya rafiki yake. Picha ilikuwa nzuri jamani, simba kafumba mdomo, manyoya ya shingo yamechongwa unyoya kwa unyoya, macho yametulia kama ya mtu anayesikiliza kesi. Chini yake pameandikwa: imechongwa kwa mkono na wazee wa Ukerewe, ina maana ya kiroho. Bei 250,000, na 30,000 ya kusafirisha. Tukatuma yote kwa mkupuo. Nichekeni sasa hivi tumalize, halafu mnisikilize.

Fimbo ilikuja. Hapo ndipo huyu anapotofautiana na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Yeye mzigo analeta, umefungwa vizuri kwenye gazeti na kitambaa chekundu, na ujumbe wa sauti wa kukupongeza. Ukishaupokea unajiona mjanja, unamwamini. Kumbe hiyo 280,000 ni kiingilio tu.

Tulimkabidhi baba Jumapili baada ya ibada, jua kali, kavaa shati jeupe. Picha zikapigwa, vigelegele vikapigwa. Baada ya nusu saa hivi nikamwona anajipangusa kiganja kwenye suruali. Kiganja cheusi. Na juu ya mfuko wa shati, pale alipokuwa ameegemeza fimbo ili ashike soda, kuna mstari mweusi na alama za vidole vinne. Hakulalamika. Alisema tu "Wabeja, wanangu," asante ya Kisukuma, akaenda kunawa.

Jioni wageni walipoondoka akaniita uani. Kulikuwa na beseni la maji ya kufulia. Akaitumbukiza fimbo upande wa kichwa, akaiachia. Ikaelea. Akamkandamiza simba kwa kidole mpaka chini, akaachia tena, simba akaibuka anatazama juu kama mtu anayejifunza kuogelea. Baba akacheka mpaka akashika mgongo. "Mwanangu, mimi nimekula na kuwasomesha kwa mbao zinazoelea. Mpingo hauelei."

Na kweli. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji, ujazo wa lita moja una kama kilo 1.2. Kiini chake kikiingia majini kinashuka kama jiwe. Mbao za mitumbwi, mvule au mninga, zinaelea, ndiyo kazi yake. Fimbo yetu ilikuwa mti mwepesi wa kawaida, umepakwa rangi ya viatu ukasuguliwa ukang'aa. Kwa hiyo tulimpelekea mtu aliyefanya kazi ya mbao miaka hamsini mti bandia, mbele ya kanisa zima.

Nikampigia muuzaji. Mpole huyo, shikamoo nyingi, dada yangu nyingi. Akasema ule weusi unaotoka ni mafuta ya zindiko, tusiufute. Mimi kwa hasira nikamwaga yote: kwamba baba anaumwa mgongo, kwamba fimbo ilikuwa ya kumsaidia kutembea, kwamba ametutia aibu. Hapo nikawa nimejichongea mwenyewe.

Siku kumi baadaye akampigia mama. Namba ya mama anayo kwa sababu ndiye aliyepokea mzigo. Akamwambia fimbo ile "haijafunguliwa". Eti simba hajatambulishwa kwa mwenye mkono, ndiyo maana mgongo wa mzee unazidi. Alijuaje mgongo? Mama hakujua kwamba mimi ndiye niliyemwambia, akaona ni maono. Kuifungua ni 150,000 na kuku mweusi, na watoto wasijue, siri ikivunjika inamrudia mzee. Jamani, mama yangu ni mwalimu mstaafu. Alitoka na hela ya pembejeo za shamba mpaka kwa wakala. Kilichomwokoa ni binti wa wakala, aliyetazama jina lililotokea kwenye simu akauliza, "Mama, unamtumia mwanamke? Si umesema ni mzee wa Ukerewe?" Mama akasema ngoja kwanza, akarudi nyumbani, akakaa siku mbili bila kutuambia. Yule binti nimempelekea sangara mzima.

Baada ya hapo nikaibeba fimbo mpaka kwa mzee mmoja mchongaji upande wa Kisesa. Nilitaka nijue tumeuziwa nini hasa. Hakuishangaa hata kidogo. Alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha spiriti, akapitisha mara moja kwenye mgongo wa simba. Kitambaa kikawa cheusi, simba akawa na mstari wa rangi ya chai ya maziwa. Kisha akaenda kwenye shingo. Shingoni palikuwa pamezungushiwa waya wa shaba na shanga nyekundu, sisi tukadhani ndiyo mapambo, ndiyo heshima yenyewe. Akaukunjua waya kwa koleo, taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Chini yake kuna mpasuo umezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Akazungusha kichwa kwa mkono. Kikalia kry, kikatoka, kimebaki kinaning'inia kwenye msumari wa inchi tatu.

"Hii mzee akiiegemea akishuka ngazi, anabaki na simba mkononi," akasema.

Akanionyesha yake aliyokuwa anaichonga. Fimbo ya kweli yenye kichwa ni mti mmoja toka juu hadi chini. Mchongaji anatafuta tawi lenye nundu, au mche wenye kishina kinene, ili kichwa kitoke palepale. Ukitazama nyuzi za mti unaziona zinapanda na gongo, zinapita shingoni, zinaingia kwenye taya la mnyama bila kukatika. Nyuzi zikikatika shingoni, pameungwa. Mpingo nao una alama yake: kiini ni cheusi chenye uzambarau kidogo, ila nje kuna ngozi nyembamba ya mti mweupe wa manjano. Wachongaji wengi wanaacha kaukanda ka weupe huo makusudi mahali fulani, ili mnunuzi aone. Fimbo nyeusi tii kila mahali, hata kwenye ncha ya chini, uliza maswali. Tezo lake alikuwa analinoa kila baada ya muda mfupi, maana mti ule unakula makali. Na magogo yake yamepakwa nta kwenye ncha zote mbili yasipasuke wakati wa kukauka. Nikamuuliza, mtu anaweza kukuchongea simba wa mpingo kwa siku mbili kama huyu alivyotuahidi? Akanitazama tu.

Sasa kuhusu hii "maana ya kiroho". Nimepata watu wengine wanne waliouziwa na mtu huyuhuyu, na tumelinganisha jumbe. Ana orodha ya bei kwa mnyama: kobe ni umri mrefu, tai ni maombi, nyoka ni kinga, simba ni utawala na ndiye ghali. Kwa mama mmoja wa kanisa aliuza ya nyoka kama "fimbo ya Musa". Kwa kijana wa Buzuruga, picha ileile, nyoka yuleyule, ikawa fimbo ya mizimu ya Kisukuma, kwa sababu Bayeye wanacheza na nyoka. Bayeye ni chama cha watu wenye elimu yao ya nyoka na dawa zake, hawauzi uanachama wao kwenye stetasi. Kwangu alitumia kifimbo cha Mwalimu: si unaona Nyerere alivyokuwa haachi kifimbo chake? Nikatikisa kichwa kama mjinga.

Sisemi fimbo haina maana. Babu yangu alikuwa nayo moja, haina kichwa cha mnyama yeyote, ni fimbo ya kuchungia ng'ombe iliyozeeka naye, pale anaposhika pamebonyea na kung'aa. Alipofariki wajomba waligombea ile fimbo kuliko ng'ombe wenyewe. Maana iliingia kwa kiganja chake, miaka yote ile. Anayekuuzia maana iliyokwisha tengenezwa, na juu yake anadai ada ya kuifungua, anakuuzia hofu. Mtaka kuona vitu vya wazee aende makumbusho ya Bujora pale Kisesa, atazame mwenyewe.

Na kuna hili ambalo ni hatari kuliko hela. Wawili kati yetu aliwaambia kwa nyongeza ya 80,000 anaweka macho ya pembe ya ndovu, au kucha halisi ya simba kwenye taya. Uwezekano mkubwa ni mfupa wa ng'ombe. Lakini je, ikiwa kweli? Hizo ni nyara za Serikali. Ukikutwa nazo bila kibali, kesi yake inaenda kwenye uhujumu uchumi, na polisi hatamtafuta yeye, atakukuta wewe na fimbo yako ukweni. Mtu akikutajia pembe au kucha, hata kwa utani, funga mazungumzo.

Ukitaka fimbo, nenda kwa mchongaji kwa miguu yako, ukute vumbi la mbao sakafuni. Ishike shingo uipindue. Kama kuna waya, ngozi au shanga shingoni, omba ifunguliwe kabla hujalipa. Mwenye kazi safi ataifungua. Beba chupa ndogo ya spiriti na kitambaa. Maji si lazima, lakini mchongaji wa kweli atakupa kipande cha mti uleule ukitumbukize kwenye kikombe. Malipo toa nusu, nusu nyingine ukishaishika. Na shida za nyumbani kwenu, nani anaumwa, nani hajazaa, usimwambie muuzaji wa kitu chochote.

Waliokwisha kutuma hela leo hii, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla hajaitoa. Ujumbe wake upeleke 15040 ya TCRA. RB ya polisi sisi tunayo, na mpelelezi ametuambia kila malalamiko mapya yanasaidia, hata ya shilingi elfu hamsini.

Fimbo yenyewe baba amekataa isichomwe. Ameirudishia kichwa kwa msumari mrefu zaidi, anaitumia kuegeshea kamba ya nguo. Nimeweka hapo chini picha za shingo ikiwa imefunguliwa, pamoja na ile picha ya simba anayoitumia kwenye matangazo. Aliyeuziwa kobe au tai aniandikie pembeni, hao bado hatujawapata.